Vikao vya AA vya wanaotaka kuacha pombe: unavipataje hapa kwetu, na ukifika kunakuwaje?

#1 Fundi Geji
Wakuu, salama?
Niende moja kwa moja. Nakunywa, na imefika mahali siwezi kushika spana asubuhi bila kuzimua kwanza. Mke hajaondoka, ila amehamia chumba cha watoto. Juzi daktari kaniuliza maswali mengi, mwisho akaniambia niache, na nitafute watu walioacha nikae nao. Akataja vikao vya AA (Alcoholics Anonymous). Viko wapi, hakusema. Nipo Arusha.

Ninachotaka kujua: hivi vikao vipo Tanzania, au ni vya kwenye filamu za Kimarekani tu? Unaandikishwa jina? Kuna kiingilio? Na kuna mtu humu amewahi kukaa ndani akaona wanafanya nini hasa? Maana kama ni kusimama mbele za watu nitubu, hapo sipawezi.

Wa kunitania karibuni, ila mnijibu kwanza.

#2 Mtu wa Rombo
Fundi wa Arusha, kumbe ndiyo maana breki zangu zilirudi zinalia kuliko zilivyokwenda 😂
Utani pembeni mkuu, hongera kwa kuuliza. Nakaa hapa nifuatilie, nina kaka yangu nyumbani, hali yake ni hiyo hiyo.

#3 Hoja Nzito
AA ni kanisa lililovaa nguo za kiraia. Ilianzishwa na mchungaji Mmarekani mwaka 1939. Zile hatua zao 12 za kuacha pombe, karibu nusu zinamtaja Mungu. Mtu akiamua kuacha anaacha. Babangu mdogo aliacha siku moja baada ya kuanguka mtaroni mbele ya wakwe zake, na hakuhudhuria kikao chochote.

#4 Bondeni254
Hoja Nzito #3, hapo kwenye historia sivyo. 1939 ni mwaka kitabu chao kilipotoka. AA yenyewe inahesabu mwanzo wake kuwa tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, na waanzilishi hawakuwa wachungaji. Bill Wilson alikuwa mtu wa soko la hisa New York, na Bob Smith alikuwa daktari wa upasuaji. Bill alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, akaenda Akron kwa shughuli ya biashara, ikaharibika. Akabaki amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, huku baa, huku simu. Akaiendea simu, akaanza kupigia makanisa akiuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayehitaji msaada. Hakuwa anatafuta wa kumhubiria. Alitaka mlevi mwenzake wa kuongea naye ili yeye mwenyewe asinywe. Ndivyo alivyofikishwa kwa Bob. Na hiyo 10 Juni ni siku inayohesabiwa kuwa Bob alikunywa kwa mara ya mwisho.

Sasa Fundi, kikao chenyewe. Mimi niko Nairobi, na huku vipo vingi, aghalabu kwenye vyumba vya makanisa kwa sababu ndiyo sehemu ya bei nafuu. Unaingia, viti vimepangwa duara, chai ipo. Hakuna daftari la majina. Mtu anataja jina lake moja, na hata hilo si lazima liwe la kwenye kitambulisho. Anayeongoza anasoma karatasi ya ufunguzi, mwingine anasoma zile hatua 12, halafu kila anayetaka anaongea kidogo kuhusu maisha yake mwenyewe. Zamu ikikufikia ukasema "leo nasikiliza tu," inapita kwa jirani yako na hakuna atakayekuangalia vibaya. Mtu akiongea hakatizwi, hajibiwi, hapewi ushauri. Ndani ya saa moja hivi mmemaliza. Kikapu kinapita, ukiwa na chochote unaweka, ukikosa unakipitisha. Ada hakuna. Sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa.

Siku yangu ya kwanza mikono ilikuwa inatetemeka vibaya. Mzee aliyekuwa akigawa chai alinitazama mara moja, akanimiminia nusu kikombe. Wenzangu wote walijaziwa hadi juu. Hakusema neno. Nikajua huyu amepita nilipo mimi.

#5 Nesi wa Zamu
Bondeni amesema vizuri, ila Fundi, kuna jambo la kutangulia. Anayezimua kila asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Arosto ya pombe inaua. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya kilaji cha mwisho. Ndani ya siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa: anaona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakimbia. Nimewapokea wa namna hiyo usiku, ndugu wakisema karogwa.

Hospitali watakupa dawa za kutuliza kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa hali chakula sawasawa. Rudi kwa huyo daktari, umwambie kiasi chako cha kweli. Watu wanafika mbele yetu wanasema "bia mbili tatu" huku macho yana rangi ya manjano. Kikao kinafuata baada ya hapo, au sambamba na hapo. Hakichukui nafasi ya hospitali.

#6 Fundi Geji
Nesi asante, hilo la kuacha ghafla sikulijua, na nilikuwa nimepanga Jumatatu nianze. Kesho narudi kwa daktari.
Bondeni, hiyo ya chai imenigusa. Mimi siku hizi nanywa chai kwa mrija gereji, vijana wanadhani ni mtindo.

#7 Pwani Tulivu
Nami nichangie, mimi ni wa Mombasa. Kwetu aibu ni mbili. Muislamu akijulikana analewa, hata salamu anapunguziwa. Sasa umwambie kikao kiko kwenye chumba cha kanisa! Nilizunguka lile jengo nikapita mlango mara kadhaa kana kwamba natafuta duka. Ndani nikakuta Waislamu wenzangu wawili, mmoja nasali naye Ijumaa.

Hoja Nzito, hatua ya tatu yao inasema Mungu kama tunavyomwelewa sisi. Mimi namwelewa nilivyofundishwa chuoni, na hakuna aliyenitaka zaidi ya hapo. Wakisoma sala ya kumaliza, mimi nasoma dua yangu kimyakimya. Nenda Zanzibar kwenye nyumba za soba, wanakokaa wanaoacha ulevi. Wanafuata hatua hizo hizo 12, wengi wao kwa sababu ya unga (dawa za kulevya), na karibu wote ni Waislamu. Ingekuwa kanisa wangelifunga zamani.

#8 Sauti ya Jangwani
Mnazunguka mbuyu. Ulevi ni roho. Nimeona mtu anaombewa mara moja, chupa anaitapika, mpaka leo akisikia harufu ya gongo anaumwa kichwa. Fundi, kabla hujaenda kukaa duara na walevi, tafuta watumishi wa Mungu wakufungue.

#9 Kobe Mzee
Sauti ya Jangwani, nimeombewa mimi. Zaidi ya mara moja, na kwa imani yote. Nilikuwa natoka mkeshani nimejaa furaha, na jioni nipo kilabuni. Simkatai Mungu, namshukuru kila siku. Ila baada ya maombi watu wanarudi makwao, na saa kumi na mbili jioni inabaki yangu peke yangu. Kikao kilinipa watu wa kuwapigia simu saa hiyo.

#10 Hoja Nzito
Sawa, la mwaka nimelipokea. Lakini hoja yangu iko palepale. Mimi naona mtu analewa kwa sababu ya mazingira. Hana kazi, rafiki zake wote wako baa, nyumbani kuna kelele, na kila kona ni grosari. Mpe kazi na umhamishe mtaa, uone kama atahitaji duara. Huku mnamfundisha aseme "mimi ni mlevi" maisha yake yote, hata akiwa hajanywa miaka 20. Hiyo ni kumfunga mtu kwenye jina.

#11 Nesi wa Zamu
Mazingira yana nguvu, nakubali. Lakini wodini wapo pia wahasibu na walimu wenye kazi nzuri na nyumba tulivu. Kuna familia ambazo ulevi unashuka kutoka kwa babu, baba, mtoto. Ubongo ukizoea pombe kila siku unajipanga upya kuitegemea, na mpangilio huo hauondoki siku ya kuacha.

#12 Mtu wa Rombo
Hoja unasema kuhamisha mtaa. Sisi Rombo utamhamishia wapi mtu? Mbege ipo kwenye harusi, msiba, kipaimara, posa, hadi kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Kaka yangu akikataa kata ya mbege mbele ya wazee wanamuuliza ana kinyongo na nani.
Mnakumbuka viroba, zile pombe za pakiti, vilipopigwa marufuku 2015? Tulidhani watu wataacha. Walihamia gongo.

#13 Bondeni254
Haikuwa 2015, ilikuwa Machi 2017. Nakumbuka kwa sababu wenzetu wa mpakani walivihemea sana wiki zile. Huku kwetu 2010 walifanya kinyume, wakahalalisha chang'aa kwa masharti ya chupa na leseni. Na bado ya vichochoroni ikaendelea kuua watu na kuwapofua macho, ikiwa imechanganywa na methanoli.

#14 Mama Wawili
Samahani naingilia. Mimi sinywi, mume wangu ndiye. Nimesoma kuanzia #1 nikaona kama ni yeye ameandika, ila yeye hana gereji. Jirani kanishauri dawa fulani ya vidonge, unaisaga unamtilia kwenye chai bila kujua, akinywa pombe anatapika mpaka anachukia. Kuna aliyejaribu? Na je, mke anaruhusiwa kwenye hivyo vikao?

#15 Nesi wa Zamu
Mama Wawili, USIFANYE. Hiyo itakuwa ni disulfiram. Mtu akinywa pombe juu yake uso unawaka, moyo unakimbia, presha inashuka, na mwenye moyo dhaifu au ini bovu anaweza kufa mkononi mwako. Hutolewa na daktari, kwa mgonjwa anayejua na aliyekubali.

#16 Kobe Mzee
Pole sana dada. Vikao vipo vya aina mbili. Vya ndani ni vya wenye tatizo la pombe tu. Vya wazi mtu yeyote anaweza kukaa na kusikiliza, hata mke, hata mwanafunzi wa udaktari. Halafu kuna Al-Anon, ilianza 1951, hiyo ni ya familia za wanywaji. Mmoja wa walioianzisha ni Lois, mke wa huyo Bill wa Bondeni. Pale haongelewi mume aache vipi. Mnaongelea wewe unalala vipi, unakula vipi, unaacha vipi kumtafuta kila baa usiku. Mke wangu alianza kuhudhuria kabla yangu, kwa njia ya mtandao, na mimi nilichukia kweli kweli. Alikuwa ameacha kunidanganyia kwa bosi wangu kwamba nina malaria.

#17 Mama Wawili
Malaria 😭 Mimi nasema "tumbo." Asante kaka, vidonge nimeviacha dukani.

#18 Fundi Geji
Nimerudi. Daktari kanipa dawa, nalala kituoni siku chache waniangalie, mke ndiye kanisindikiza. Sasa swali langu bado: Arusha wapi? Nimeuliza watu wawili, mmoja kanitajia kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa.

#19 Kobe Mzee
Fundi, nikwambie ukweli. Tanzania vikao vipo ila ni vichache, na havitangazwi kwenye redio. Usipovisikia usidhani havipo. Njia nilizoona zinafanya kazi ni hizi. Uliza kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa au ya rufaa; wale wanajua, kwa sababu ndio wanaopeleka watu. Dodoma ukienda Mirembe, au Dar ukienda Muhimbili, hawatakushangaa. Uliza paroko au mchungaji, hata kama husali kwake, maana chumba mara nyingi ni chao. Kenya wana namba ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, unaongea na mshauri. Na AA wana programu ya simu inaitwa Meeting Guide, inakuonyesha vikao vilivyosajiliwa karibu na ulipo. Piga simu kwanza kabla ya kufunga safari, kwa sababu kikao kinaweza kuwa kilikufa na tangazo likabaki.

Ukikosa kabisa, ingia mtandaoni. Tangu corona ya 2020 vikao vya Zoom ni vingi mno, saa yoyote unakuta watu wako hewani. Zima kamera, weka spika za masikioni, bando la kawaida linatosha. Jioni ya Marekani kwetu ni alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yako ngumu.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: walevi wawili wanaotaka kuacha wakikaa pamoja kwa nia hiyo, wakiwa hawajajifunga na chombo kingine, hicho tayari ni kikundi. Hamhitaji kibali cha mtu. Sisi Moshi tulianza wawili, kwenye benchi la nyuma ya duka la mbao.

#20 Pwani Tulivu
Naongezea kwa Fundi. Ukienda kimoja ukaona watu hawakufai, jaribu kingine kabla hujakata tamaa. Cha kwanza nilichohudhuria walikuwa wageni wengi, Kiingereza kitupu, wanaongelea kupoteza nyumba za ufukweni. Nikajiona sina langu. Cha pili walikuwepo kuli, mwalimu na dereva wa matatu, na yule kuli alieleza jinsi alivyouza cherehani ya mkewe. Hapo nikakaa.

#21 Hoja Nzito
Haya ni masimulizi. Kuna ushahidi kwamba inafanya kazi kuliko njia nyingine? Maana walioshindwa hawaji humu kuandika.

#22 Nesi wa Zamu
Swali la haki. Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Programu za kitaalamu zilizotengenezwa kumsukuma mgonjwa aende AA ziliwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine kama ushauri wa kubadili fikra na tabia. Kwenye vipimo vingine, kama kiasi cha pombe kwa siku, zilikaribiana. Uchambuzi wao wa 2006 ulikuwa haujapata jibu la uhakika, kwa hiyo ushahidi umeongezeka. Tafiti nyingi ni za Marekani, hilo nalisema wazi. Na si njia pekee: ipo SMART Recovery ambayo haimtaji Mungu, na zipo dawa kama naltrexone za kupunguza kiu ya pombe. Ila dawa inataka hela na daktari. Kikao kinataka viti.

#23 Hoja Nzito
Nimekuelewa nesi. Bado nasema inawezekana kinachowaponya ni kuwa na marafiki wapya wasiokunywa, na hizo hatua 12 ni mapambo.

#24 Bondeni254
Inawezekana. Mimi mdhamini wangu, yaani yule aliyetangulia anayenishika mkono, anaamini ni hatua ya nne na ya tano: unaandika maovu yako yote kwenye karatasi kisha unamsomea mtu mmoja. Nilimsomea kwenye gari, Uhuru Park, mvua inanyesha. Yeye anasema siri ndiyo inayotunywesha. Mke wangu anasema ni kwa sababu sasa jioni nina pa kwenda. Mama yangu anasema ni rozari zake. Sijawahi kubishana na yeyote kati yao.

#25 Sauti ya Jangwani
Mama yako ndiye amesema kweli. Mubarikiwe.

#26 Kobe Mzee
Mimi nina yangu: ni kule kutumika. Siku nikipewa kazi ya kufungua mlango na kuchemsha chai, sinywi siku hiyo. Nitafikaje nimelewa na funguo ninazo mimi?

#27 Fundi Geji
Nimetoka kituoni, mkono umetulia. Alfajiri niliingia Zoom, nikasikiliza tu, Kiingereza chao nilipata robo. Kulikuwa na mama mmoja wa Kenya, aliposikia niko Arusha akaongea Kiswahili mpaka mwisho, wengine wakamwachia.
Swali jipya wakuu. Jumamosi mdogo wangu anaoa, mimi ni mjumbe wa kamati ya vinywaji. Nilipangiwa kabla ya haya yote. Nafanyaje?

#28 Mtu wa Rombo
Kamati ya VINYWAJI 😂😂 Omba wakuhamishie kamati ya usafiri, fundi ni wewe.

#29 Pwani Tulivu
Usiende. Harusi za mwanzo nilizikosa zote, nikapeleka mchango tu. Watu walinuna, kisha ikapita.

#30 Bondeni254
Mdogo wako mwenyewe huwezi kumkosa. Kanisani nenda, ukumbini chelewa. Uwe na usafiri wako ili uweze kuondoka bila kuomba lifti. Kula kabla hujatoka, njaa na uchovu ni wabaya. Ukifika tu shika glasi yako ya soda na usiiache mezani, ukitoka msalani chukua nyingine mpya. Mtu mmoja pale ajue, awe mkeo. Wakati wa kugongesha glasi gongesha maji, hakuna anayechungulia. Wakifungua kreti ya pili wewe uko barabarani unanipigia simu, namba nimekutumia inboksi.

#31 Kobe Mzee
Huyo wa #29 na wa #30 wote wamekaa miaka bila pombe, kwa hiyo chagua kulingana na hali yako ya Jumamosi asubuhi. Ukiamka mkono unatetemeka, fuata ya #29. Na kamati uiache leo, usisubiri Ijumaa. Wapigie, sema umeanza dawa, ni kweli umeanza. Mtu wa Rombo, kaka yako mlete Alhamisi kwenye kikao chetu Moshi, asikilize tu. Akikataa njoo wewe, hicho ni cha wazi.

#32 Ziwa Kuu
Habari wakuu, nimefika kwa kuchelewa. Mwanza je? Kuna mtu anajua kikao chochote upande wa Nyamagana au Ilemela? Nimeuliza hospitali wameniambia nirudi wiki ijayo, anayejua yuko likizo.

#33 Kobe Mzee
Rudi hiyo wiki ijayo, usiache kwenda. Wakati unasubiri ingia Zoom alfajiri na Fundi, nawaunganisha inboksi sasa hivi.